Jina Nililookota Sufuriani

Jumamosi, 29 Novemba

Dada yangu, mkubwa wangu, nakuamkia kwa heshima zote. Shemeji naye nampa heshima zake, na mguu wake unaomsumbua naupa pole. Wanao nawasalimu kuanzia yule wa juu hadi yule wa mwisho, nisije nikamruka mmoja akanuna. Huku kwangu mzee, baba watoto wangu, anakusalimu. Bado ni mlinzi wa ghala, bado maneno yake ni kumi kwa siku, na leo matatu ameyatumia kukusalimu wewe. Mwanangu mkubwa, fundi wa friji, anakusalimu. Kitinda, binti yangu wa mwisho, anakusalimu na kusema sekondari ni ngumu. Mjukuu wangu ana miaka minne sasa, tunamwita Mbona, kwa sababu kila akifungua mdomo ni mbona hiki, mbona kile. Naye anakusalimu. Mama yake, mke wa mwanangu, yule mwalimu wa chekechea, ambaye hapa wote tunamwita Mwalimu tu, anakusalimu pia. Alisema nikuandikie hivyo, basi nimekuandikia.

Mimi ni mzima. Bado nipo kwenye dobi napiga pasi shuka za nyumba za wageni, na vidole vyangu bado vyote kumi.

Umelalamika kwamba kwenye simu nazunguka hadi maneno yanakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo nimefanya ulivyoniambia, nimechukua daftari. Nitaandika siku hizi za Majilio, za kungoja Krismasi, kila nitakapoweza, hata kama ni mstari mmoja, halafu nikutumie kwa dereva wa basi. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne halijaongezeka.

Mwaka huu nimepanga kama mama yetu alivyokuwa akipanga. Mishumaa minne kwenye sinia la mchanga, mmoja kila Jumapili, nauwasha mimi, mzee anasoma. Halafu majina kwenye sufuria. Najua unajua, lakini nakuandikia uone kama bado nafuata: kila mtu anaokota jina la mwenzake, anamtendea mema kwa siri hadi mkesha wa Krismasi, na vile vidogo vidogo anaviweka chini ya mto. Mkesha tunakaa mezani, kila mmoja anataja aliyotendewa, na aliyemtendea anasimama. Ukiokota umeokota, hakuna kurudisha.

Ila mwaka huu Mwalimu yumo. Walihamia kwetu mwezi wa tano, kwa hiyo haya ni Majilio yake ya kwanza humu ndani. Jana alitundika ukutani sebuleni karatasi kubwa ya manila yenye bahasha ishirini na nne zilizobandikwa kwa safu. Kila siku mtoto anafungua moja, ndani kuna kazi ya siku hiyo. Alisema amepanga asinisumbue. Ameitundika pale nilipokuwa natundika kalenda yangu.

Jumapili, 30 Novemba

Mshumaa wa kwanza. Mzee alisoma, akaruka mstari, akaendelea.

Sufuria ilizungushwa. Mbona aliokota wa kwanza, akampelekea baba yake amsomee sikioni. Nilipofika jikoni nikafungua yangu nyuma ya mlango. Mwalimu.

Nilisimama pale kama mtu aliyekanyaga kitu asichotaka kukiangalia. Majina sita, dada. Kulikuwa na mwanangu, kulikuwa na mjukuu wangu, kulikuwa na Kitinda. Nikaikunja nikaitia kifuani, nikatoka nikitabasamu.

Jumatatu, 1 Desemba

Mbona aliamka akakimbilia bahasha kabla hajanisalimia. Bahasha ya kwanza ilisema watengeneze nyota za karatasi. Niliporudi kazini sebule nzima ilikuwa vipande vya karatasi, na nyota kumi na moja zikining'inia kwenye uzi. Alinionyesha moja moja. Nilisema nzuri. Zilikuwa nzuri, ndiyo kinachoniudhi.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Shuka mia mbili, zote mbichi.

Jumatano, 3 Desemba

Leo nimeamka kwenda kazini nikakuta jiko limewashwa na maji yangu ya kuoga yako motomoto kwenye ndoo, yamefunikwa kwa sinia. Hakuna mtu jikoni. Nilijua hapo hapo ni nani. Ni mwanangu. Tangu mdogo alikuwa na moyo huo, kabla hata hajamjua Mwalimu. Nimeoga nikiimba. Nimefika kazini mapema, msimamizi akaniuliza nimeota nini.

Mwalimu sijamfanyia kitu bado. Siku ni nyingi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mzee alikuta jiwe ndani ya kiatu chake. Mbona akatokea mlangoni akasema, "Babu, siyo mimi niliyekuwekea hilo jiwe zuri." Mzee akalitia mfukoni akaenda nalo ghalani.

Ijumaa, 5 Desemba

Niandike hili nisije nikalificha hata kwako. Mwalimu alikuwa amewahi shuleni, mwanangu ameenda kutengeneza friji la bucha. Mbona akaniletea bahasha ya tano, nimsomee. Mwandiko wa Mwalimu ni ule wa kuunganisha, herufi zimeshikana kama watoto wakivuka barabara. Nilikaa nayo. Nikapata "leo", nikapata "jirani", katikati nikapotea. Mbona akaniuliza, "Bibi, mbona unanyamaza?" Nikamwambia miwani yangu imepotea. Dada, mimi sina miwani, wala sijawahi kuwa nayo. Akaanza kuitafuta chini ya kochi.

Tulisubiri hadi Kitinda akarudi. Ilikuwa tumpelekee jirani ndizi.

Jumamosi, 6 Desemba

Bahasha ya sita imetoka na picha. Mchoro wa ufagio na mlango, yaani wafagie mbele ya nyumba. Nikachungulia ya saba na ya nane, nazo zina picha. Mwalimu amekaa jana jioni akachora zote zilizobaki. Mezani alisema ni kwa ajili ya mtoto, watoto wanapenda picha. Hakunitazama aliposema.

Afadhali angenicheka. Mtu akikucheka una pa kushika.

Jumapili, 7 Desemba

Mshumaa wa pili. Nimeshika kiberiti, nimeshakwaruza, Mbona akasema anataka mama yake ndiye awashe. Mwalimu akamwambia hapana, ni kazi ya bibi. Mtoto akaanza kulia. Mwanangu, huyu huyu niliyembeba mgongoni hadi miaka mitatu, akasema, "Mama, mpe tu mara moja, si mshumaa tu."

Si mshumaa tu. Nikampa kiberiti. Mwalimu akauwasha haraka haraka kama mtu anayefanya kosa, akanirudishia kiberiti mkononi kwa mikono miwili. Mzee akasoma. Sikusikia hata neno.

Nilikaa nikiwatazama wale watatu upande wao wa meza, mwanga wa mshumaa usoni mwao, nikaona wanatosha. Yaani kama ungenitoa mimi pale, hakuna kingepungua.

Maji ya moto bado yananingoja kila asubuhi. Hayo ndiyo yananiweka.

Jumatatu, 8 Desemba

Hakuna.

Jumanne, 9 Desemba

Nilirudi mapema, umeme ulikatika kazini. Chumba chao kina pazia tu, mlango ulivunjika bawaba tangu mwezi wa tisa. Nikamsikia mwanangu anaeleza habari za chumba, karibu na shule ya Mwalimu, sebule na chumba cha kulala, maji ndani. Anasema mwenye nyumba anataka jibu. Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini sikuisikia.

Kwa hiyo ndiyo hizo bahasha. Anamzoesha mtoto Majilio yake ili wakiondoka asikumbuke yangu. Nitabaki mimi, mzee na maneno yake kumi, na Kitinda ambaye naye ana miaka mitatu tu kabla hajaondoka.

Jumatano, 10 Desemba

Asubuhi nilipita karibu na lile pazia. Mwalimu alinyanyua mto wake, akatazama, halafu akautandika vizuri na kuupigapiga kama vile ndicho alichokuwa anataka kufanya. Siku kumi.

Moyo ulinishika kidogo. Nikachukua blauzi yake nyeupe ya kazini, nikaenda nayo dobi ndani ya mkoba. Nikaifua, nikaitia wanga, nikaipiga pasi kama tunavyopiga za wahudumu wa hoteli. Nikairudisha juu ya kitanda chake kabla hajafika.

Alhamisi, 11 Desemba

Wanga ulizidi. Blauzi inasimama yenyewe. Mwalimu ameivaa hivyo hivyo, amekwenda shuleni mikono ikiwa imekaa kama ya polisi anayeongoza magari. Jioni mezani, akamtazama Kitinda akatabasamu, akasema kuna mtu humu amemfanyia jambo zuri sana, na ana mikono hodari. Kitinda akatazama sahani yake. Mwalimu akachukulia ni aibu ya kujulikana, akambusu kichwani.

Mimi hapo nimekaa, dada. Vidole vyangu vina malengelenge ya pasi ile. Nikasema moyoni basi, kama ni hivyo amtendee Kitinda wake. Sitamfanyia tena kitu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua ilikuja ghafla saa tisa, mimi niko peke yangu nyumbani. Nilianua nguo zote isipokuwa za Mwalimu. Niliingia ndani nikakaa nikazisikiliza zikilowa.

Jumapili, 14 Desemba

Mshumaa wa tatu nimeuwasha mimi. Mwalimu hakuwepo mezani, kichwa kilikuwa kinamuuma, amelala. Nilidhani nitafurahi. Mbona aliuliza mbona mama hayupo, na mbona mshumaa umewashwa kabla hajapona, na mbona hatuusubiri. Mwanangu akaondoka mezani na sahani ya mkewe. Hakurudi.

Sikumpelekea hata chai. Wangesema najipendekeza.

Jumanne, 16 Desemba

Kazini shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mwenzangu wa meza, yule ambaye wote wanamwita Bi Kelele, hushika ncha mbili na mimi mbili, tunavuta, tunasogeleana, tunarudi. Leo nikamweleza yote, bahasha, mshumaa, chumba cha kupanga. Nikamweleza hata jina nililookota. Nilitaka aniunge mkono.

Tulipokutana katikati na shuka akaninong'oneza, "Mwenzangu, mbona unaongea kama mke mwenza? Huyo ni mkweo."

Nikaachia ncha zangu. Shuka ikaanguka kwenye maji. Akacheka hadi akakaa chini, msimamizi akaja, tukasema mkono umeteleza.

Sikuzungumza naye hadi saa ya kutoka. Njiani nikahesabu: siku kumi na sita, blauzi moja.

Jumatano, 17 Desemba

Mwalimu amemshonea Kitinda vifuniko vya madaftari kwa vipande vya kitambaa. Anadhani sijui ni yeye. Vifuniko vimekaa vizuri sana. Na mimi ni mtu wa sindano tangu utoto, nilitafuta kosa hadi nikachoka.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua. Mbona amempa babu yake nusu ya biskuti, ile aliyokwisha kuilamba.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilikuwa nimepanga leo nimfanyie Mwalimu kitu. Nilitoka na wazo la kumfulia viatu vyake vya raba. Nimefika sebuleni nikamkuta anamkata mwanangu kucha, anacheka, na yeye amefumba macho. Nikarudi jikoni. Kucha zile nimezikata mimi miaka mingapi.

Jumapili, 21 Desemba

Mshumaa wa nne. Yote minne inawaka sasa, wa kwanza umebaki kidole kimoja. Bahasha zimebaki tatu. Mbona alimuuliza mama yake mbele ya wote rafiki yake wa siri amemletea nini, akasema mtoto mzuri haulizi. Mbona akaniuliza mimi. Nikataja maji ya moto, nikamtazama mwanangu, nikamkonyeza. Hakukonyeza. Nikasema anajua kutunza siri.

Jumatatu, 22 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nimekaa kwenye benchi la nje ya dobi, wakati wa mapumziko ya mchana, chai imepoa.

Asubuhi mwanangu alinisindikiza kazini. Hajawahi kunisindikiza tangu aoe, nikajua kuna jambo, nikajaza njia nzima maneno yangu ya ovyo ili asipate nafasi. Tulipofika getini akanishika mkono.

Akaniambia wanahama tarehe tatu. Nikamwambia nilijua, na nilijua ni nani anayemvuta. Akasimama akanitazama kwa muda, dada, kama fundi anavyotazama friji lililooza nyaya ndani.

Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyetafuta chumba. Yeye amenikatalia tangu mwezi wa kumi. Alisema huwezi kumwachia mama Krismasi bila mtoto. Alisema ukishakaa Majilio na sisi utamzoea."

Nikamuuliza sasa kwa nini amekubali.

Akasema amechoka. Kila asubuhi anatazama chini ya mto, kila asubuhi hakuna kitu. Blauzi ile aliifurahia hadi siku aliyomuuliza Kitinda, Kitinda akaapa si yeye. Kwa hiyo sasa anaona hata blauzi ilikuwa kwa bahati mbaya, labda ilichanganyika na nguo za wengine. Anasema hakuna mtu humu ndani anayemtaka, ila wana adabu ya kutomwambia.

Halafu akasema lile lililobaki. Akasema, "Najua ni siri, sikuulizi kitu. Ila kama unamfahamu aliyemwokota, mwambie amfanyie hata kimoja. Zimebaki siku mbili."

Hajui. Mwanangu hajui, dada. Amewafikiria wote, baba yake, Kitinda, mimi hakunifikiria. Aliondoka akiniita mama mara mbili.

Jumanne, 23 Desemba

Nilichukua kile kitambaa cha kichwa cha hariri ulichoniletea wewe, kile ambacho sijakivaa, nikakikunja nikakiweka chini ya mto wake wakiwa nje. Nikatoka. Nikarudi nikakitoa. Nimekiweka na kukitoa mara tatu. Kwa sababu kesho nitasimama mbele yao, na kitambaa cha siku moja kitafunika wiki tatu na siku mbili, na kila mtu atasema, kumbe mama alikuwa na zawadi kubwa, alikuwa anangoja. Na mimi nitanyamaza, nitakubali. Najijua.

Kitambaa kimerudi sandukuni.

Jumatano, 24 Desemba

Naandika asubuhi ya Krismasi kabla hawajaamka, ila nimeweka tarehe ya jana maana ni ya jana.

Tulikaa mezani jua likizama. Wali, kuku, mishumaa yote minne. Tukaanza na mzee kwa heshima. Akatoa mfukoni, akapanga mezani mawe matano, kifuniko cha chupa, na nusu ya biskuti, ile ile, hakuila. Mbona akasimama juu ya kiti akasema siyo yeye. Tulicheka hadi Kitinda akapaliwa na maji. Mbona akataja gari la waya, baba yake akasimama. Mwanangu akataja viatu vilivyong'arishwa kila Jumatatu na kifungo kilichorudishwa kwenye shati, Kitinda akasimama. Kitinda akataja vifuniko vya madaftari, Mwalimu akasimama, wakakumbatiana.

Ikafika zamu yangu. Nikasema, mimi nimechemshiwa maji kila asubuhi tangu tarehe tatu, bila kukosa hata siku moja, na aliyefanya hivyo namjua kwa moyo wake. Nimemgeukia mwanangu, mikono nimeshaitoa kumpokea. Mwanangu alikuwa ameshasimama kwa ajili ya mtoto wake, nilisahau. Huwezi kusimama mara mbili.

Kiti kikalia upande wa pili wa meza. Mzee.

"Mimi," akasema.

Dada, huyo mtu anarudi kutoka lindo alfajiri. Anakuwa amesimama usiku kucha. Alikuwa anakuja kuwasha jiko, anachemsha, anafunika, halafu anapanda kitandani upande wake na kukoroma ili nisijue. Wiki tatu nilikuwa naoga maji yake na kumshukuru mwingine. Nikaishusha ile mikono. Akakaa.

Sasa alikuwa amebaki Mwalimu wa kutaja, na mimi wa kusimama. Mtu yeyote anayeweza kuhesabu hadi sita angejua. Nikaona mwanangu anajua. Uso wake ulianza kubadilika kutokea shingoni.

Mwalimu alihesabu kabla yetu sote, maana aliwahi kuzungumza. Hakunitazama. Alikuwa anainyoosha nyoosha kona ya kitambaa cha meza. Akasema, "Mimi nimetendewa mengi. Nililetewa chai nilipoumwa kichwa. Nilianuliwa nguo mvua ilipokuja. Nimesikilizwa, nimeombewa. Blauzi yangu ilipigwa pasi hadi wenzangu shuleni wakaniuliza nimeipeleka wapi. Nashukuru sana."

Akasubiri nisimame.

Alikuwa amenifungulia mlango, dada. Nilichotakiwa ni kupita. Ningesimama tu, wangepiga makofi, mwanangu uso ungerudi, na mimi na yeye tu ndio tungejua kwamba hakuna chai, hakuna nguo, na sala hakuna. Angenibebea hadi anazeeka. Na nitakuambia ukweli wa moyo wangu: hata hapo nilimwonea wivu. Niliona hata uongo wake ni mzuri kuliko mema yangu.

Nikasimama. Nikasema, "Jina lako niliokota mimi. Blauzi ni mimi. Hayo mengine hakuna aliyeyafanya. Nguo niliziacha zikalowa makusudi. Chai sikuleta."

Mishumaa ilikuwa inalia nta kwenye mchanga.

Mbona akauliza, "Mbona Bibi hakufanya?"

Nikamjibu yeye, kwa sababu yeye ndiye niliyeweza kumtazama. Nikasema Bibi alikuwa na wivu.

"Wivu ni nini?"

Mzee akamwambia kaa chini ule. Hayo yalikuwa maneno matatu, na alikuwa ameshatumia moja.

Mwanangu alisukuma kiti, nikadhani anaondoka. Mwalimu akamshika mkono wa shati, akamrudisha. Halafu akaniambia mimi, sauti yake haikuwa tamu wala chungu, "Mama, kaa. Wali unapoa."

Nikakaa. Tulikula. Sijui nilikula nini.

Alhamisi, 25 Desemba

Maji yalikuwa motomoto asubuhi hii. Mchezo umekwisha jana, na bado. Nimempelekea mzee chai kitandani, akaipokea, akanisogezea nafasi nikakaa. Mwanangu amenisalimia, lakini kama anavyomsalimia mteja.

Jumamosi, 27 Desemba

Leo nilikuwa uani naanika, Mwalimu akatoka akachukua upande wa pili wa shuka bila kuambiwa. Tukavuta. Anavuta vizuri, ana nguvu.

Akaniambia alijua tangu mtoto alipomsimulia alivyotafuta miwani yangu chini ya kochi, siku tano tu baada ya sufuria. Niliacha kumtazama usoni tangu Jumapili ile, akasema, na mtu anayekutendea mema kwa siri huwa anakutazama sana kuona kama umefurahi. Alimuuliza Kitinda akitumaini atakubali. Alitaka awe amekosea.

Nikamuuliza kwa nini basi alinidanganyia mezani. Akasema hakutaka mwanawe akumbuke Krismasi ya namna hiyo. Halafu akasema ni afadhali nilisema, kwa sababu alikuwa ameanza kujiandaa kukaa na ule uongo, na alikuwa anauona ni mzito.

Nilimwomba msamaha, dada. Kwa maneno, siyo kwa kuzunguka. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, amesema amesikia, na sikumlazimisha.

Nikamwambia basi msihame. Akatikisa kichwa. Tarehe tatu wanahama, hilo halirudi nyuma, mwanangu naye hataki kusikia. Lakini akasema jambo, na ndilo nililokuandikia daftari lote hili nilifikie.

Alisema Majilio yajayo yawe kwake. Kwenye kile chumba chao. Atawaalika wote, mzee, Kitinda, na mimi. Nitaokota jina kama wengine. Mshumaa wa kwanza atawasha Mbona, atakuwa ametimiza miaka mitano. Mimi nitakaa nitazame. Akasema nifikirie, hanilazimishi, ila anataka jibu langu kabla hawajabeba vyombo Jumamosi ijayo, ili ajue anaondoka humu akiwa nani kwangu.

Nilimwambia nitamjibu. Akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani.

Sijapona, dada, usidhani. Nikimfikiria yule mtoto amesimama kwenye meza ya mwingine na kiberiti, na mimi nimekaa pembeni kama mgeni na pochi yangu mapajani, natamani kukinyakua hicho kiberiti. Mama yetu hakuwahi kukaa pembeni hadi anakufa. Lakini wewe wanao wawili wameoa, umeshakwenda kukaa kwenye meza zao, na sijawahi kukuuliza ilikuwaje siku ya kwanza. Uliweka wapi mikono yako? Ulitazama nini wakati mwingine anawasha?

Dereva wa basi anaondoka Jumatatu asubuhi, daftari litakufikia jioni. Msalimie shemeji na watoto wote kama nilivyowataja mwanzo. Usiandike marefu, hata simu ya dakika moja inatosha, niambie tu niende au nisiende, lakini iwe kabla ya Jumamosi. Nijibu haraka, dada, maana jibu langu mwenyewe ninalo tayari, ni hapana, na ninajua limetoka wapi.